Mwalimu Anayevusha Watoto wa Watu

Saa moja kasoro robo asubuhi, na mwalimu yuko barabarani. Amevaa tai. Juu ya tai kuna koti zito, na juu ya koti kuna kizibao cha manjano kinachong'aa kiasi kwamba njiwa wa paa la shule huamka kikipita, wakidhani kumekucha.

Mkononi ameshika kibao cha duara chenye mpini mrefu. Anashuka kwenye lami, anainua kibao, na magari yanasimama. Si kusimama tu, yananyamaza. Mama mwenye duka la pembeni anaapa kwamba kuna dereva wa gari la mikate aliyesimama hapo mwezi uliopita, akasubiri kwa adabu mpaka mikate yake ikawa ya jana.

"Simama," mwalimu anawaambia watoto. Anatazama kulia, kushoto, kulia tena. "Haya, vuka."

Hayo ndiyo maneno anayoruhusiwa. Salamu haimo. Jina la mtoto halimo. Kumuuliza mtoto kama alimaliza zoezi la hesabu, hilo ndilo kabisa halimo, ingawa wapo pale watoto ambao mazoezi yenyewe aliwahi kuwapa yeye.

Hata hivyo midomo yake haitulii. Anawaombea.

"Zamani nilikuwa siwezi kusali bila kufumba macho," anasema, shingo haijageuka. "Hapa ukifumba macho umeua mtu. Basi nimejifunza kusali macho wazi. Kila kichwa kinachopita, neno moja. Wakija kundi, nawaombea kwa jumla."

Watoto wamempa jina, Bwana Vuka. Hajakasirika. Aliyesimama pale kabla yake, anasema, walimwita Kinyago, kwa hiyo yeye amepanda cheo.

Huyu ni mwalimu wa hesabu aliyesomea kazi yake na kuifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuja nchi hii ya ugenini kufundisha, akafundisha, kisha akatolewa darasani. Tangu hapo alisubiri jambo moja tu, bodi ya shule iseme kama atarudishiwa darasa. Kibali chake cha kuishi hapa ni cha mwalimu. Akiwa na darasa, mkewe na watoto wao watatu wanaweza kumfuata. Akilikosa, hawawezi. Hakuna njia ya pembeni. Ameshaulizia.

Alikotoka, mwalimu huyu alikuwa mtu wa kupewa kiti. Akiingia dukani, kiti. Akienda ofisi yoyote, kiti. Akifika msibani, watu wanasogea wenyewe. Alifundisha shule ya kanisa, Jumapili akaongoza kwaya, na sauti yake ilikuwa ya namna ambayo kanisa lilichelewa sana kununua kipaza sauti kwa sababu hakuna aliyeona haja.

Kazi ya ugenini ilipopatikana, kanisa lilimuaga. Mchungaji alimwita mbele, akamwekea mikono kichwani na kulitangazia kanisa kwamba limepata mmisionari.

"Nikamnong'oneza, 'Mchungaji, naenda kufundisha hesabu,'" anakumbuka. "Akaninong'oneza, 'Nyamaza, nimeshaanza.'"

Sala iliyofuata haijasahaulika. Waliokuwepo wanasema mzee mmoja wa kanisa aliingia na kipara cha ukubwa wa sahani ya chai, akatoka nacho kimeenea kichwa kizima.

Basi akaondoka akiwa mmisionari, apende asipende.

Alipofika, alikaribishwa na fundi bomba mmoja kutoka kwao, mtu wa makamo anayeitwa Bomba hata na wasiojua kazi yake. Wanaishi chumba kimoja, ghorofa ya nne. Katikati ya vitanda viwili kuna shuka iliyotundikwa kwenye kamba, na hiyo ndiyo inayoitwa ukuta. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba ukikaanga kitunguu, unakikaangia mtaa. Ukutani kuna chombo cha kupasha joto ambacho hukohoa kabla ya kufanya kazi, na siku nyingine huishia kwenye kukohoa.

"Siku ya kwanza nilimwambia ukweli," anasema Bomba, ambaye mwalimu amemruhusu aseme lolote, na hakuhitaji ruhusa. "Nikamwambia, 'Mwalimu, hapa usimsalimie mtu zaidi ya mara moja. Ukimuuliza habari za nyumbani, anadhani unataka kukopa.'"

Mwalimu hakusikia. Asubuhi ya kwanza kwenye chumba cha walimu alizunguka meza nzima akimpa kila mtu mkono na kumuuliza alivyolala. Mwalimu wa sayansi alijibu kwamba amelala vizuri, kisha akatazama saa. Wa muziki akatoka kidogo. Mwalimu akaketi, na ikawa kiti alichokalia kina mwenyewe, na kikombe alichochukua nacho kina mwenyewe, na mwenye vyote viwili amesimama mlangoni akitabasamu.

"Hapa wanatabasamu sana," anasema. "Inachukua muda kujua kwamba tabasamu ndilo lenyewe kufuli."

Alitafuta kanisa, akalipata. Jengo la mawe, kubwa, lingeweza kumeza makanisa matatu ya kwao na nafasi ikabaki ya kuegesha magari. Ndani kulikuwa na vikongwe wachache, kila mmoja kwenye benchi lake kama vile wamegombana. Wimbo ulipoanza, mwalimu akaimba alivyozoea. Vichwa vyote vikageuka. Bomba, ambaye hakuwepo na kanisani haendi, anasisitiza kwamba kioo kimoja cha dirishani kilipasuka. Mwalimu anakanusha. Kilikuwa kimepasuka tangu zamani.

Baada ya ibada bibi mmoja alimgusa mkono, akamwambia kwa upole kwamba hapo watu huimba kwa moyo. Tangu siku hiyo anaimba kwa moyo. Haisikiki.

Kisha akaugua. Homa tu, mafua ya mji wa baridi, lakini yalimlaza wiki nzima. Siku ya pili aliamka kwa shida, akafagia chumba, akakunja ile shuka ya katikati na kuazima viti kwa jirani. Akamtuma Bomba akanunue vikombe vya kuongezea.

"Nikamuuliza, 'Vya nini?'" Bomba anasimulia. "Akaniambia, 'Wageni.' Nikamuuliza, 'Unamsubiri nani, mwalimu?' Akasema, 'Watu wa shule. Watu wa kanisa. Si wanajua naumwa?' Nikatoka nje nikacheka mpaka nikasikia vibaya. Jamaa kakaa kitandani na shati limepigwa pasi. Wiki nzima. Mlango haukugongwa hata na aliyekosea nyumba."

Mwalimu hacheki inaposimuliwa habari hiyo. Anavua miwani na kuifuta.

"Si kwamba ni watu wabaya," anasema. "Niliporudi kazini walikuwa wameniwekea kadi mezani. Wote wametia saini. Lakini kadi haiketi. Haikuulizi umekula nini."

Ukiujua mlango huo usiogongwa, ndipo utaelewa alichokifanya baadaye.

Katika darasa lake kulikuwa na msichana wa kiti cha mbele, mwepesi wa hesabu, mwenye mazoea ya kujibu kabla swali halijaisha. Siku moja hakuja. Kesho yake hakuja. Wiki ikaisha, kiti kitupu. Mwalimu aliuliza ofisini, akaambiwa mtoto anaumwa, taarifa imepokelewa. Alisubiri kuambiwa ni lini wanakwenda kumwona. Hakuambiwa.

Kwao mwalimu haulizi. Mtoto wa darasa lako akilala kitandani, unachukua wenzake wawili watatu baada ya masomo, mnabeba chochote kilichopatikana, mnakwenda. Mnamwimbia kidogo, mnasali, mnamwachia masomo yaliyompita, mzazi anawasindikiza mpaka njiani. Amefanya hivyo maisha yake yote. Asingefanya, kwao, ndipo angeitwa ofisini ajieleze.

Basi akanunua machungwa. Akawachukua wanafunzi wawili waliokuwa marafiki wa yule msichana, wakaenda kwa miguu, wakipiga soga njiani. Walipofika mlangoni mwalimu akasema waanze na wimbo mmoja, mgonjwa asikie tangu ndani kwamba amejiwa.

Mlango ulifunguliwa na baba mtu. Jambo hili lina pande mbili, na upande wake haufai kufichwa. Alifungua mlango wa nyumba yake akakuta mwanamume mgeni kabisa, ana mfuko, anaimba kwa sauti ambayo imeshaelezwa, na pembeni yake watoto wawili wa watu. Kwingineko mtaani mama wawili walikuwa wamesimama kwenye lango la shule wakiwaita watoto wao wasiitikiwe.

"Nikampa pole ya kuuguza," mwalimu anasema. "Akatoa simu akanipiga picha. Nikafurahi, nikadhani ni ya ukumbusho. Nikasogeza machungwa yaonekane."

Picha hiyo ilizunguka kwa wazazi kabla machungwa hayajafika jikoni. Hayakufika, kwa kweli. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakawauliza watoto, na watoto wakaeleza kila kitu vizuri tu. Hakuna kosa la jinai lililoonekana. Lakini bodi ya shule ilikutana, na mwalimu akatolewa darasani kwa muda, mpaka hapo watakapoamua. Kwa kuwa mshahara wake ulikuwa bado unatembea, japo ulikatwa nusu, akapewa kizibao.

"Muda" huo umekula mihula miwili.

Mkewe hakuambiwa.

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito, kwa sababu upande wa pili wa simu mambo yalishakwenda mbali. Mara tu mwalimu alipotaja kwamba maombi ya kibali cha familia yameanza kushughulikiwa, kanisa la nyumbani halikungoja yaishe. Likamuaga na mama. Kwaya iliimba, wanawake walilia kwa zamu, na jumuiya ikamnunulia sanduku kubwa la magurudumu, zambarau, ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani na kujinyoosha. Mama alikuwa fundi cherehani sokoni. Akamwachia mtoto wa dada yake cherehani na kibanda, akagawa vyombo, akaketi kusubiri safari.

Bado ameketi.

"Anayeagwa asiondoke hana mahali," anasema mama huyo kwa simu, sauti kavu. "Nikienda sokoni, 'Eh, bado upo?' Nipo. 'Ndege imeharibika?' Haijaharibika. Muuza nyanya sasa ananiita Abiria. 'Abiria, leo unachukua ngapi?' Sadaka ya kuniagia walishanipa, siwezi kuwarudishia machozi yao. Kanisani naingia watu wakishafumba macho, natoka kabla hawajafumbua. Na nikitaka kushona nguo ya mwanangu, naazima cherehani yangu mwenyewe kwa mtoto wa dada yangu, na ananiambia nisubiri, ana wateja."

Kila alipomuuliza mumewe kulikoni, alijibiwa kwamba yuko shuleni, kazi inaendelea, waombe tu. Hakuna neno la uongo hapo. Lango la shule nalo ni shule.

Siku ya uamuzi ilikuja bila kutangazwa. Watoto walipokwisha kuvuka, mkuu wa shule, mama mpole mwenye mazoea ya kuinamisha kichwa anapokusikiliza, alimwita ofisini. Kulikuwa na chai. Mwalimu anasema alipoiona chai aliingiwa na shaka, maana kwao habari njema haihitaji chai.

"Akaniambia, 'Bodi imefurahi sana,'" anasimulia. "Nikasema moyoni, asante Bwana. Akasema, 'Wazazi wamekusifu. Hatujawahi kuwa na mtu kama wewe.' Nikasema, asante Bwana. Akasema, 'Kwa hiyo tungependa ubaki pale.' Nikamuuliza, 'Pale darasani?' Akasema, 'Pale barabarani.'"

Ajira ya kudumu. Kizibao kipya kila mwaka. Wazazi wanasema tangu awepo, watoto wao hawaogopi barabara. Baba wa yule msichana naye, mkuu wa shule alisema huku akitabasamu, hakupinga.

"Nikamuuliza habari ya darasa. Akainamisha kichwa. Akasema, 'Tumeona kipaji chako kiko hapa.' Nikamuuliza, 'Na familia yangu?' Akasema kazi hii haina kibali cha familia, ila hilo si lao, ni la serikali, na ananihurumia kweli. Nami naamini alinihurumia. Alinimiminia chai ya pili."

Alipewa mpaka mwisho wa wiki iliyofuata afikirie.

Jioni alimsimulia Bomba, ambaye alikuwa amelala chini ya sinki la jikoni akitafuta linapovuja.

"Yaani umefanya vizuri mpaka umefeli," sauti ya Bomba ilitoka chini ya sinki. "Wewe ungeacha hata kigari kimoja kiwapigie honi, leo uko darasani."

"Usinitanie leo, ndugu yangu."

"Sikutanii. Saini. Saini, mwalimu. Ukirudi nyumbani wataandaa mapokezi ya mmisionari, utawaambia nini? Utawaonyesha kile kibao?"

Kisha Bomba akatoka chini ya sinki, akakaa sakafuni akiwa ameloa, na akasema jambo ambalo mwalimu hakuwa amewahi kulisikia kwake. Binti yake aliolewa bila yeye kuwepo. Aliitazama harusi kwa simu, amejifungia kwenye choo cha watu alikokuwa akitengeneza bomba. Walipofika mahali baba anapoitwa asimame, chaji ikaisha.

"Nilisimama," alisema Bomba. "Peke yangu pale chooni. Nilisimama hivyo hivyo."

Ndipo mwalimu akatoka nje kwenye ngazi, akampigia mkewe. Mazungumzo hayo wote wawili wanayasimulia, na hapo masimulizi yao yanalingana.

"Mama watoto, kuna jambo."

"Liseme kwa sauti kidogo, nina maji masikioni, nilikuwa naogesha watoto."

"Sina darasa. Sijawa nalo kwa muda mrefu."

"Unafanya nini?"

"Nasimama barabarani. Navusha watoto wanaokwenda shule."

"Kwa hiyo wewe si mwalimu."

"Mimi ni mwalimu."

"Wa nani?"

Mwalimu akaanza kumweleza machungwa, wimbo, ile picha, chai mbili za mkuu wa shule. Akamweleza ajira ya kudumu. Mkewe alimwacha amalize, jambo ambalo mwalimu anasema lilimtisha kuliko angemkatiza.

"Sasa nielewe vizuri, baba," hatimaye mkewe alisema. "Watoto wa watu unawavusha salama. Hongera. Hawa wa kwako wanakusubiri upande huu, kibao utawainulia lini?"

Akakata simu. Hakupokea tena siku hiyo, wala iliyofuata.

Jumapili, kabla mwalimu hajajua ajibu nini kazini, mama alifanya lake. Aliingia kanisani watu wote wakiwa macho. Muda wa matangazo ulipofika akanyoosha mkono, akaenda mbele.

"Nikawaambia, 'Wapendwa, mliniaga. Siendi,'" anasimulia. "'Mume wangu hana darasa huko, anavusha watoto barabarani, na ni kazi halali. Mimi sijui nitakwenda lini, na nimechoka kuwa msafiri. Naomba mnipokee kama mtu wa hapa.'"

Mwanakwaya mmoja wa sauti ya kwanza, mama asiyeweza kukaa na swali, akauliza kutoka nyuma, "Na lile sanduku?"

"Liko hapo nje," mama akajibu. "Nimelifuta vumbi."

Watu wakacheka, kisha baadhi wakalia, kisha wengine wakacheka kwa sababu waliolia hapo ni wale wale waliolia mara ya kwanza. Mchungaji alisimama aombe. Kwa mara ya kwanza tangu apewe joho, maneno yalimwishia. Akasema tu, "Amina. Kaa, mama."

Mama alimpigia mumewe akiwa bado kwenye uwanja wa kanisa. "Nimeshasema," alimwambia. "Wote wanajua. Sasa ukitaka kubaki huko, baki kwa sababu zako. Usibaki kwa kuona aibu, hiyo nimeimaliza mimi."

Mtu angependa kuandika kwamba mwalimu alishukuru. Hakushukuru.

"Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya watu nisioweza hata kuwaona," anasema. "Nilikaa kwenye ile ngazi. Miaka yote nilikuwa nadhani nimebeba jina la familia. Kumbe aliyelibeba ni yeye, sokoni, kila siku, anaitwa Abiria. Mimi nilikuwa nimebeba kibao."

Mwisho wa wiki alikwenda kwa mkuu wa shule akakataa ajira. Mkuu aliinamisha kichwa, akauliza kama ameudhika na kazi. Akajibu kwamba kazi anaipenda. Mkuu akasema basi haelewi. Mwalimu akasema ni kweli, ni vigumu kueleza. Atasimama barabarani mpaka muhula uishe, kibali kitakwisha, na ataondoka.

Anakokwenda hakuna kinachomngoja. Nafasi yake shuleni imejazwa na kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha, na kijana anafanya vizuri. Kwenye shule nyingine alizopigia simu, waliuliza umri kabla ya kuuliza somo. Cherehani iko kwa mtoto wa dada, na mtoto wa dada ana wateja. Nauli ikishatoka, akiba inayobaki anaieleza kwa kugeuza mfuko wa suruali nje na kuurudisha.

"Nikiamka asubuhi natafuta jambo zuri la kulishika," anasema. "Siku nyingine nalala tena bila kulipata. Nasali, ndiyo. Lakini sitawadanganya wasomaji. Kuna asubuhi nasali kama mtu anayegonga nyumba iliyozimwa taa."

Magari yamesimama. Watoto wa mwisho wanavuka, mmoja akivuta mkoba wa magurudumu unaoruka ruka juu ya mistari myeupe. Kengele inalia ndani. Mwalimu anapanda kando ya barabara, anakiegemeza kibao ukutani na kupuliza vidole vyake.

Anaulizwa ana mpango gani. Mpango alio nao, anasema, ni mmoja, na haufiki mbali zaidi ya stendi ya mabasi ya kwao.

Ana kitindamimba, msichana, ambaye alimwacha akitambaa. Sasa anakimbia. Kwenye simu hujificha nyuma ya mama yake, na akilazimishwa kusalimia humwita baba yake "mjomba", kwa sababu mjomba ndiye mwanamume anayemjua. Ndugu wengine watakuja kupokea, watapiga kelele, watambeba mtoto juu juu na kumsukumia mikononi mwa mgeni. Mwalimu ameshamwonya mkewe hilo lisitokee.

"Nimemwambia wasimsukume," anasema. "Nikishuka nitaweka mzigo chini, nichuchumae, ninyamaze. Nisimwite. Akija, sawa. Asipokuja siku hiyo, kesho yake asubuhi nitachuchumaa tena uani."